Kikombe Kisichoonjwa

Kisenyi, Kampala
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu mkubwa Guerschom,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako Bienfait, kutoka kwa Benedicte mke wangu, na kutoka kwa watoto wote wa nyumba hii. Unaamkaje huko Nakivale kwa wakimbizi wenzetu? Mahindi yameshabeba? Na lile goti la kushoto, bado linakusumbua ukishuka shambani? Huku mvua imenyesha mpaka maji yakaingia saluni, nikanyoa watu nimekunja suruali, lakini sisi ni wazima, tunakula, tunacheka, tunamshukuru Mungu. Naomba barua hii ikukute umekaa. Kama umesimama, tafuta kiti.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu simu imenishinda. Tukiongea habari za maharagwe na za watoto, mtandao ni safi kabisa. Nikitaja tu neno hospitali, mtandao wa Nakivale unakufa papo hapo. Maajabu! Basi karatasi haikatiki. Nampa Exaucée, yule binti wa kwaya anayekuja huko kumwona mama yake, na nimemwagiza asikukabidhi akakimbia, bali akae hapo mpaka umalize kusoma. Usimweke mtoto wa watu na njaa, kaka. Soma.

Nakwenda moja kwa moja. Shemeji amemwambia Benedicte kwamba usiku unaamka kila mara kwenda kukojoa, kwamba ukifika huko nje unasimama sana na kinachotoka ni matone, na kwamba siku hizi kiuno nacho kimeanza. Akasema pia kwamba umeshajipima mwenyewe na kujikatia hukumu: ni karuho, ile sumu ya polepole inayosemwa kwetu Bukavu kwamba ndiyo iliyomuua Papa, baba yetu. Na kwamba unakunywa mizizi ya kutapisha kutoka kwa mganga wa ng'ambo ya ziwa. Kaka, mimi sina ndugu mwingine wa tumbo moja. Ni wewe tu. Barua hii yote, hata pale utakaponiona nacheka, ni ya kukuomba upande basi uje Kampala upimwe, kabla mizizi hiyo haijakumaliza nguvu. Sitaki kukuzika.

Haya, hilo nimelisema. Sasa tulia nikupe habari, maana nina habari, na moyo unanirukaruka hata kalamu haishikiki!

Unajua kiti cha kinyozi kilivyo. Mtu ukishamfunga shuka shingoni, na wembe uko karibu na sikio, anatoa yote. Kwangu wanakuja mafundi wa gereji wenye mikono ya oili, wanakuja Wasomali wa maduka ya jumla, wanakuja Wakongo wenzetu, na anakuja Odur. Huyu Odur ni polisi mstaafu, mtu wa kaskazini, mrefu, Kiswahili chake cha kambini, na hata akikuomba maji ya kunywa utadhani anapanga gwaride. Mwaka jana alipimwa damu kwa ajili ya tezi dume. Kipimo kikatoka juu. Wakamwambia hakuna njia nyingine, lazima achomwe sindano ya kunyofoa vinyama wavitazame. Na sindano yenyewe, kaka, inapitia kule nyuma, kule ambako mwanamume hapendi hata kupataja. Akachomwa. Akapata homa kali, akalazwa. Majibu yalipokuja hakukuwa na saratani hata chembe, tezi ilikuwa imevimba tu kwa sababu ya umri.

Basi Odur akaja akakaa kwenye kiti changu na kusimulia kila kitu, kwa sauti ileile ya gwaride, mlango wazi, watu wamejaa. Siku ile habari ilitembea Kisenyi nzima kabla sijamaliza kumpaka spiriti. Mwanamume yeyote akisikia kipimo cha damu, alijiona ameshalala kifudifudi. Hata mimi niliapa kwamba mimi na hospitali tutaonana siku ya kuvunjika mguu.

Ndipo akaja Daktari Acayo. Ni msichana tu, kaka, mwembamba, anafanya utafiti katika maabara moja kule Wandegeya karibu na chuo kikuu. Baba yake alikuwa mwanajeshi, amezaliwa kambini, kwa hiyo Kiswahili chake kinateleza. Aliingia saluni mchana kweupe, akasalimu vizuri, akasema anatafuta wanaume. Watu wote wakageuka! Hata mashine ya kunyolea niliizima. Alipoona macho yetu akacheka, akasema hatutaki sisi wenyewe, anataka mkojo wetu.

Odur akamuuliza kwa ukali mwaka jana alikuwa wapi. Daktari Acayo akamjibu bila kuogopa kwamba mwaka jana alikuwa anaosha chupa na kusubiri mashine ifike. Hapo Odur alimpenda, mpaka leo anamwita binti yangu. Kisha akatueleza, na alieleza vizuri hata mimi niliyeishia darasa la sita nilimfuata. Alisema kile kipimo cha damu ni kama mbwa anayembwekea kila mgeni. Tezi ikivimba tu, kinabweka. Ikipata uchafu, kinabweka. Ikipata saratani, kinabweka vilevile. Daktari anabaki hajui ni mwizi au ni shangazi, ndiyo maana anawachoma wote. Wao wanatafuta namna ya kujua nani anahitaji sindano na nani aachwe aende zake.

Namna yenyewe ndiyo hii. Kila sehemu ya mwili inapika, alisema, na kila anayepika ana mabaki yake. Ukipekua jalala nyuma ya nyumba ya mtu, unajua kama wamekula samaki au kunde, hata kama hukuwaona mezani. Sasa mabaki mengi ya mapishi ya mwili hutokea kwenye mkojo. Tezi dume yenye afya hutengeneza kwa wingi asidi ileile iliyomo kwenye ndimu. Je, ulijua hilo? Umri wote huu natembea na ndimu, sijui! Ikiingia saratani, tezi inabadili mapishi, inaanza kuila asidi hiyo yenyewe, na vitu vingine vinapanda. Mashine yao inapima mabaki mamia kwa mara moja, halafu kompyuta inamweka kila mtu kama nukta kwenye skrini. Wanaopika namna moja, nukta zao zinakaa karibu. Matumaini yao ni kwamba wagonjwa watajikusanya peke yao na wazima peke yao, na sindano itajua pa kwenda.

Alikuwa na wagonjwa tayari, na wenye uvimbe wa kawaida tayari. Alichokosa ni wanaume wa umri wetu wasiosikia dalili yoyote. Mimi nikajipiga kifua, nikamwambia wanaume wazima wako kanisani kwetu, nitamletea safu nzima, na wa kwanza ni mimi.

Jumapili nikasimama kwenye matangazo. Nikawaeleza ndugu zangu yote, pamoja na ndimu, na nikamaliza na sharti la maabara: uje asubuhi tumbo tupu, usile kitu tangu chakula cha jioni. Hapo ndipo nilipoharibu. Unamjua Mchungaji Elie, huyo mtu hawezi kusikia maneno tumbo tupu akaendelea kukaa. Aliruka, akasema kabla mashine haijatutazama, Mungu atutazame kwanza, na papo hapo akatangaza mfungo wa siku tatu, maji tu, kwa kila mwanamume atakayepimwa, ili ugonjwa usionekane katikati yetu. Wake zetu waliitikia amina kwa nguvu kuliko sisi wenyewe! Nami sikupinga. Nilisema moyoni, kama daktari anataka usiku mmoja, tukimpa siku tatu si atafurahi zaidi? Ndivyo tulivyo sisi. Viza tunafunga, mtihani wa mtoto tunafunga, sembuse mashine.

Kaka, mfungo ule! Siku ya pili niliona vioo vya saluni vinatembea. Mkono unatetemeka, wateja wananiuliza kama nimeanza pombe. Na huyo Odur, ambaye yeye alishapimwa upande wake na hakuwa na mfungo wowote, alikuja kwa makusudi na rolex, ile chapati ya hapa iliyoviringishwa na mayai mawili, akaikunjua mbele ya pua yangu, akaila polepole huku namnyoa. Nilimwacha na mstari mmoja juu ya sikio ambao mpaka leo anadai nilikosea.

Jumatatu ya wiki iliyofuata tukaenda Wandegeya, wanaume wa kanisa zima, tunaimba, vinywa vinanuka njaa. Kabla ya kutoa mkojo kuna jambo ambalo sikulitaja kwenye matangazo, kwa sababu ningelitaja asingekuja mtu: kwanza daktari anapima tezi kwa kidole. Ndiyo, hukohuko. Mchungaji Elie aliingia anaimba. Alitoka kimya, akatembea taratibu mpaka stendi ya teksi. Lakini hakuna aliyekufa kwa kidole, kaka. Ni muda wa kukohoa mara moja, kimekwisha.

Baada ya muda Daktari Acayo akanipigia simu, akaniomba nifike maabara. Nilifunga saluni na mteja mmoja amenyolewa nusu. Nilipoingia, walikuwa wamejazana mbele ya skrini. Akanionyesha. Nukta za wagonjwa huku, za wazima kule, vizuri kabisa. Halafu juu pembeni, mbali na kila mtu, lundo moja limejikusanya peke yake: wanaume wote wa kanisa letu! Hakuna aliyekosa. Wenzake walikuwa wanakimbia huku na huku. Mmoja anasema ni kitu cha damu ya watu wa Kongo, mwingine amekwisha anza kuandika makala, mwingine anauliza kama chupa zilioshwa.

Mimi moyo ulijaa. Nilijua ni maombi! Daktari Acayo akaniuliza watu hawa walikula nini. Nikamjibu kwa fahari kwamba hawakula kitu. Akaniuliza tangu lini. Nikajinyoosha, nikamwambia tangu Alhamisi jioni. Yule binti aliweka paji la uso mezani. Nikadhani analia. Aliponyanyua kichwa alikuwa anacheka mpaka machozi, anasema banange, banange, ule mshangao wa Waganda, anapiga meza. Yule wa makala akafunga kompyuta yake.

Akanieleza kwamba mwili ukikosa chakula siku nyingi unaanza kuunguza mafuta yake wenyewe, na mabaki ya mafuta hayo yanafurika mkojoni hata mengine hayaonekani. Mashine ilikuwa imeona njaa yetu tu. Nikamuuliza, na maombi haikuyaona? Akasema kwa heshima kabisa kwamba hiyo kazi hawakuinunulia mashine.

Lakini sikiliza, hapa ndipo mimi Bienfait nilipoamini! Nilirudi Kisenyi kwa miguu kwa sababu ya furaha. Fikiri mwenyewe. Hakuna aliyeiambia ile mashine kwamba tumefunga. Hatukumwambia muuguzi, hatukumwambia daktari. Ilichukua kikombe cha mkojo ikasema hawa watu hawajala siku nyingi, wote, bila kumkosa hata mmoja. Basi kitu kinachoweza kuona njaa iliyojificha, kwa nini kisione ugonjwa uliojificha? Nilimwambia kila mteja wiki ile. Walichoka na mimi.

Mchungaji Elie, nampa heshima yake, alisimama Jumapili akakiri kwamba bidii ilizidi maarifa, akaagiza wanaume wote wapate chakula, tena wakile hadharani waonekane. Tukala. Jumatatu nyingine tukarudi, safari hii tumekula jioni kama binadamu na kulala. Mchungaji alitangulia kwenye kidole ili kutupa moyo.

Na majibu, kaka! Lundo letu lilivunjika. Watu wetu wakashuka kutoka kule pembeni wakaenda kukaa katikati ya wanaume wengine wazima, hapa mmoja, pale mmoja, hata huwezi kujua nani ni wa Kongo. Daktari Acayo anasema walipiga makofi. Wote walishuka upande wa wazima, isipokuwa mtu mmoja. Nukta yake ilikwenda upande wa pili na kukaa katikati kabisa ya wenye saratani.

Huyo mtu hakuwa na dalili. Alikuwa analala usiku mzima. Kidole hakikukuta kitu. Walipompima damu, kipimo kilikuwa juu kidogo tu, kiasi ambacho wengi wangemwambia arudi mwakani. Daktari Acayo alimwita peke yake, akamweleza kwamba mashine haihukumu mtu, bado iko kwenye majaribio, inanyoosha kidole tu, na kwamba atasimamia mwenyewe apimwe vipimo vingine. Akapelekwa kwenye ile mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ndani. Picha ikaonyesha kivuli kidogo upande mmoja wa tezi. Hapo ndipo ikaja sindano, lakini sindano inayojua inakokwenda, na ganzi juu yake, na haikupitia kule ilikomletea Odur homa. Vinyama vikatazamwa. Ni saratani kweli. Ndogo, bado imo ndani ya tezi, haijatoka hata kuchungulia. Daktari wa upasuaji akasema wameikuta mapema, kwamba kwa wagonjwa wengi huikuta wakati imeshatembea, na kwamba wakiitoa sasa kuna tumaini kubwa mtu huyo aishi na kunyoa watu ndevu mpaka azeeke.

Eh. Kalamu imenitangulia. Nilitaka nikuandae kwanza.

Ndiyo, kaka. Ni mimi.

Exaucée, mpe maji. Kaka, usilie, nimeshalia kwa niaba ya wote. Siku ile nililia kifuani mwa Benedicte mpaka kitenge chake kikalowa, nikauliza kwa nini mimi, mimi niliyekwenda pale kusindikiza tu. Lakini kesho yake niliamka na kitu kingine, na ndicho kinachonifanya niandike hivi kama mlevi. Nimeponea chupuchupu! Nilikuwa natembea nayo, nanyoa nayo, naimba nayo, na ingekaa humo kimya mpaka siku ya kuniangusha. Upasuaji ni baada ya Pasaka. Naogopa kidogo, sikufichi. Ila furaha imezidi hofu.

Sasa nakuomba usome polepole, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu mwanzo.

Daktari Acayo aliniuliza kama katika ukoo wetu kuna mwanamume aliyeugua hivi. Nikasema hapana. Akauliza baba alikufa kwa nini. Nikamwambia karuho. Hakucheka. Aliniuliza tu ulianzaje, ukaendeleaje. Nikakuta sijui. Mimi nilikuwa huku Kampala, wewe ulikuwa Kamituga kwenye dhahabu, sote wawili tulifika kuzika. Aliyemgeuza Papa kitandani, aliyemwosha, aliyemlisha, ni mmoja tu, na huyo tulimfukuza uani kabla mkeka wa matanga haujakunjwa, tukisema ndiye aliyemtilia kwenye bia.

Namtaja kwa jina: Mama Séraphine. Mke wa pili wa Papa, aliyetukuta hatuna mama, mimi bado naburutwa mkono na wewe umeanza kubalehe.

Nilikuwa nayasema haya nyumbani, na Benedicte akiwa jikoni akasema, bila hata kugeuka, kwamba Mama Séraphine yuko Kampala. Alikimbia vita kama sisi. Anauza vitenge kwa kutembeza, kule Nakasero. Wanawake wote wa kanisa wanajua, na hicho kitenge nilicholilia kilitoka mkononi mwake. Wanawake, kaka! Wanajua kila kitu, wanatuacha tumalize kuongea.

Nilimkuta karibu na soko la Nakasero, vitenge vimelundikana begani. Amezeeka, amekuwa mdogo. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza, na aliponitambua akarudi nyuma hatua na kuinua mkono usoni. Alidhani nimekuja kumpiga. Nikamwamkia. Nikamwambia mama, ni Bienfait, tukae. Tukakaa kwa mwanamke mmoja anayeuza chai. Mama Séraphine akapokea kikombe changu, na kabla hajanipa, akakionja.

Unaijua hiyo desturi yetu, anayekupa bia anaonja kwanza uone haina kitu. Lakini ni ya bia, na ya wageni. Yule mwenye chai alicheka, akaniambia mama huyu ndivyo alivyo: chai anaonja, maji anaonja, hata uji wa wajukuu zake hawapi mpaka aonje mbele ya watu. Tangu siku ile tuliyomfukuza, kaka. Nilikunywa chai ile nikiangalia chini.

Nikamuuliza habari za ugonjwa wa Papa. Akasimulia kwa mpangilio, bila kulalamika. Ulianza kwa kuamka usiku. Akawa anasimama nje muda mrefu, matone. Kisha damu. Kisha kiuno, kiuno kikamtesa hata akawa analala ameketi. Mwisho miguu ikakataa. Nilimpeleka kwa Daktari Acayo, akarudia yote. Daktari alisema hawezi kuapa juu ya mtu ambaye hakumpima, lakini kama angepewa habari ile kwenye mtihani angeandika jibu moja tu: saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia kwenye mifupa. Akasema ugonjwa huu unatembea ndani ya familia, baba kwa wana, ndugu kwa ndugu.

Sasa fikiri na mimi. Tangu nilipotoka Bukavu, mpaka siku ile ya chai, sikuwahi kupokea hata ndizi kutoka mkononi mwa Mama Séraphine. Hata alipofika Kampala sikujua kwamba yupo. Na ugonjwa ukanikuta hukuhuku. Nani aliniwekea? Hakuna aliyeniwekea. Nimeupata pamoja na hii pua na haya masikio, kwa Papa mwenyewe. Na wewe una pua hiyohiyo. Maneno ya shemeji juu yako ni yaleyale ya Mama Séraphine juu ya Papa, tena kwa mpangilio uleule. Inawezekana kabisa ni uvimbe wa umri tu kama wa Odur, naomba kila siku iwe hivyo. Lakini hutajua kwa kutapika, kaka. Mwaga hiyo mizizi leo, Exaucée akiona.

Njoo na basi la asubuhi. Odur atakupokea stendi, hutamkosa, ataliita jina lako mpaka trafiki wasimame. Utalala kwangu, kesho yake tutakwenda Wandegeya pamoja, na wakati wa kidole nitakushikia koti. Kula chakula cha jioni kama kawaida, halafu acha mpaka asubuhi. Usiku mmoja tu! Usimruhusu mtu yeyote huko akutangazie mfungo. Daktari Acayo ameniambia niliandike hilo kwa herufi kubwa: USIKU MMOJA.

Jambo la mwisho. Mama Séraphine anakaa hapa kwetu sasa. Aliposikia kuhusu upasuaji alikuja na mzigo wake kichwani, akasema alimuuguza baba, atamuuguza na mtoto. Siku za kwanza tuligombania vikombe mimi na yeye, anainua kuonja, namnyang'anya, chai inamwagika, Benedicte anatugombeza wote wawili. Leo nimekaa kukuandikia, ameniletea chai, akaiweka hapa kando ya karatasi, akatoka kwenda kuanika nguo. Hakuonja. Nimeinywa, imebaki nusu.

Msalimie sana shemeji, wasalimie watoto na majirani wa huko wanaotujua. Benedicte anakusalimu na anasema kitanda kimetandikwa. Mchungaji Elie anakusalimu na kukuombea, akiwa ameshiba. Odur anakusalimu kwa saluti. Na Mama Séraphine anakusalimu. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akafikiri sana na nguo imelowa mkononi, akasema nikuandikie tu kwamba anakumbuka sombe yako, majani yako ya muhogo, haitiwi vitunguu.

Ni mimi mdogo wako, nakungoja,

Bienfait